Mwanangu yuko kwenye methadoni: ni dawa au ulevi, na Ramadhani afunge vipi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mwanangu alitumia unga (heroini) miaka sita. Sasa ni mwezi wa nne anakwenda hospitali hapa Malindi kunywa methadoni, dawa wanayopewa wenye uraibu badala ya unga, kila asubuhi. Ametulia, anasaidia dukani. Lakini jamaa wanasema katoka ulevi mmoja kaingia mwengine, na babake ataka tumfungie chumbani Ramadhani nzima aache unga na hiyo dawa yenyewe, apate kufunga. Je, methadoni ni halali? Na saumu yake itakuwaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama. Nianze na la kumfungia, maana hapo pana mauti. Msimfungie. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa ulichouzoea, ya methadoni huchelewa kuanza kuliko ya unga, lakini ikianza hukaa, hata wiki mbili au tatu: jasho, miayo, tumbo, usingizi kupotea. Tuseme ameivumilia mpaka Idi. Kwa muda huo mwili umeshasahau kipimo chake. Akikutana na wenzake akavuta au kujidunga kete zile zile za zamani, kilichokuwa kikimtuliza sasa kitamkata pumzi. Wengi huzikwa hivyo baada ya kutoka jela au kufungiwa nyumbani, na watu husema "unga ulikuwa mkali". Unga ni ule ule, uliobadilika ni mwili. Mwenyezi Mungu amesema tusijitie wenyewe katika maangamizo (Al-Baqara, 195), na mzazi naye hana ruhusa ya kumtia mwanawe. Baba zetu wa pwani wana imani kubwa na kufuli, lakini kufuli halimtii mtu nia ya toba.

Ama uhalali. Kila chenye kulevya ni haramu, na hadithi ya kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ponya yetu katika alivyotuharamishia ni hoja ya wanaoipinga dawa hii. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walipambanua. Pombe tupu hainywewi kwa tiba. Vitu vya kutia ganzi akili visivyo pombe wameviruhusu kwa haja ya matibabu, kama kukata kiungo kilichooza. Na Ibn Hajar al-Haytami, imamu wa karne ya 10 Hijria ambaye vitabu vyake hutegemewa sana katika madhehebu haya, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni, utomvu ambao ndio asili ya unga, hata akiikosa huangamia. Alijibu kwamba ikijulikana hivyo kwa yakini, kuitumia ni halali kwake, bali ni wajibu ili aokoe roho, na ni wajibu pia aipunguze kidogo kidogo mpaka mwili usiitake tena. Soma jawabu hilo, kisha utazame kinachofanyika hospitalini: ni jambo lile lile, ila sasa kuna kipimo na muuguzi.

Kipimo ndicho kinachotenga dawa na ulevi hapa. Mgonjwa mpya huanzishwa chini, miligramu 10 hadi 30, apandishwe polepole kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Wengi hutulia kati ya 60 na 120 kwa siku. Aliyefika hapo hapati stimu. Anajua anachosema katika swala, anafanya kazi, na kutwa nzima hana arosto, ilhali unga humrudisha kijiweni kila baada ya saa chache. Dozi hiyo hiyo akipewa ambaye hajazoea, au mtoto, yaweza kumuua. Kwa hivyo ruhusa ni ya mgonjwa huyo, kwa kipimo alichoandikiwa. Kuificha mdomoni akaiteme nje na kuiuza ni haramu. Kuchanganya na bugizi (vidonge vya usingizi) au mnazi ni haramu na ni kujiua, kwani vyote huzima pumzi. Mkimkuta anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa kama tundu la sindano, mlazeni ubavu na mkimbize hospitali, kuna sindano ya naloksoni ya kumrudishia pumzi. Msimtie maziwa mdomoni, yataingia mapafuni.

Sasa saumu. Methadoni inapita kooni, basi inafunguza. Lakini nguvu yake hukaa siku nzima au zaidi, na hapo ndipo penye wepesi: mwenye dozi iliyotulia aweza kunywa baada ya Maghribi au kabla ya alfajiri na akafunga. Azungumze na kituo tangu Shaabani. Asijihamishie saa mwenyewe, kwani aliyekunywa saa tatu asubuhi akingoja futari ya kesho yake amekaa zaidi ya saa 30, na wengine arosto huwakuta hapo. Daktari ndiye atakayepanga namna ya kuhama. Akipewa dozi ya nyumbani, mama, ifungie mahali watoto hawafiki.

Kama kituo hutoa dawa mchana tu, basi anywe na ale. Ni mgonjwa, na aya ya 184 ya Al-Baqara imempa siku nyengine. Atalipa akishamaliza tiba, ijapokuwa ni baada ya miaka. Daktari mwadilifu akisema dawa hii ni ya maisha, hapo ndipo hutolewa fidia: kibaba kimoja cha mchele kwa kila siku, kadiri ya robo tatu kilo, apewe maskini. Asiruke dozi ili afunge. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, asipewe kipimo chake cha zamani kabla ya kupimwa upya, na akifika huko aseme kweli kuhusu siku alizokosa. Aseme pia kama ameanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huimaliza methadoni mwilini haraka, arosto ikarudi, naye akadhani amepunjwa.

Swala zilizompita miaka ile ya unga ni deni juu yake, alipe kwa kadiri awezavyo, hata moja baada ya kila faradhi. Na safu ya mbele msikitini ni ya aliyewahi.

Wallahu aalam.