#eval inagoma kisa sorry, usikimbilie #eval!

Mkuu umeuliza mbona Lean 4 (lugha ya kuandika programu na kuthibitisha kwamba ziko sahihi) inakugomea ku-run fanksheni yako kwa #eval na uthibitisho umebaki kidogo tu, pengo umeziba kwa sorry (neno la kusema uthibitisho huu nitaujaza baadaye), jamaa hapo juu kakwambia ongeza alama ya mshangao, #eval! itapita. Itapita kweli, ila ujue unajiingiza kwenye nini.

Iko hivi, ukiandika a[i] kwenye Array (yaani kitu cha indeksi i kwenye orodha a), Lean inadai uthibitisho kwamba i < a.size, ukishaipa imemaliza, kodi inayo-run haikagui tena kama i imevuka mpaka, na uthibitisho wenyewe unafutwa kabla ya ku-run. Sasa wewe pale umeweka sorry. Chukua #[1,2,3][10]'sorry, inaenda kusoma memori ambayo sio ya hiyo array, ukibahatika inakrashi, usipobahatika inakurudishia takataka na unaiamini. Halafu #eval ina-run kwenye prosesi ileile inayokagua faili lako, ikifa inakufa nayo, hapo VS Code ni ku-restart faili.

Mimi nikiwa bado nahangaika na algorithimu natumia a[i]! ambayo inakagua yenyewe, indeksi ikizidi inapiga panic na kurudisha thamani ya default (ndo maana inadai Inhabited, yaani aina iwe na thamani ya default), au a[i]? inayokupa none. Majibu yakikaa sawa ndo narudi kuweka uthibitisho, na mara nyingi omega (amri inayothibitisha hesabu za namba nzima) inamaliza yenyewe. Kuna watu wanaita hii kazi mara mbili, sawa tu, mi naona kuthibitisha kodi ambayo hujawahi hata kui-run ndo kupoteza muda.

Sorry ya kwenye decreasing_by (sehemu ya kuthibitisha kwamba rikasheni itaisha) nayo ina mambo yake, rikasheni inaweza isiishe mpaka stack ijae, hapo weka partial kwanza (haidai uthibitisho wa kuisha). Ya kwenye cast kati ya aina mbili (kugeuza thamani ya aina moja isomwe kama nyingine) usiiguse kabisa, Nat inasomwa kama String, utalia.

Kama hujui sorry imejificha wapi piga #print axioms na jina la fanksheni, ukiona sorryAx basi ipo, hata kama iko kwenye faili uliloimport.

Na #eval! yenyewe naitumia, mfano fanksheni inayopanga List na kuirudisha pamoja na uthibitisho kwamba imepangika, sorry ikiwa kwenye huo uthibitisho tu na hakuna kodi nyingine inayouegemea kufungua indeksi, run bila wasiwasi.