Nami Nipeni Jembe

Wadogo zangu, nimesoma yote mliyoandika kwenye grupu la ukoo tangu nirudi huku Uingereza. Kwamba dada ameshakuwa Mzungu, Desemba nzima anajifungia chumbani, anajibu kwa mkato, na siku ya kuondoka akalia kama mtu aliyefiwa. Kitinda mimba wetu akamalizia kwamba mwenye maisha ya Ulaya hana cha kulilia. Hilo limeniuma.

Habari za baridi na kazi ya usiku ya kulea wazee mnazijua. Nasema la kurudi tu.

Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mimi napanga foleni ya wageni. Nilipochukua uraia wa huku nilipoteza wa kwetu, maana sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na hiyo hadhi maalumu ya diaspora mnayoisikia si uraia. Basi nalipa dola 50 za viza, nagongewa muhuri, naulizwa nitafikia wapi. Nafikia kwa mama, Marangu, nyumba niliyozaliwa. Afisa ananijibu kwa upole, "Karibu Tanzania," nami nageuza uso.

Nikifika, mama ananitolea sahani za kabatini, zile za mapadri na wakwe. Nikishika ufagio ananinyang'anya. Nikitaka kwenda na wifi kukata majani ya ng'ombe, mnasema acha, utachafuka. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mimi mwezi umekwisha sijapewa hata kisu cha kumenyea ndizi. Halafu mchana ndugu wanaingia mmoja mmoja kuomba: ada, mabati, hospitali, mtaji wa bodaboda. Wana haki ya kuomba, na wengine walinibeba mgongoni. Lakini mtu asiyeruhusiwa kufagia uwanja wa kwao, anayetakiwa kufungua pochi tu, huyo ni nani nyumbani? Ndipo nilipokuwa najifungia. Sikuwa naringa.

Siku iliyonituliza ni ile mama alipoamka mgongo unamuuma. Nikamenya ndizi mshare mwenyewe, utomvu ukanishika vidole mpaka vikawa vyeusi, nikapika mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Mama akaonja akiwa kitandani, akaanza kunigombeza: mtori gani huu una mabonge, nani alikufundisha kuharakisha nyama? Nilisimama pale na mwiko nikisikia raha ambayo siwezi kuwaeleza. Usiku ule nililala usingizi wa kweli, mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege.

Wewe unayesubiri viza ya Canada, nenda. Usimsikilize anayekukatisha tamaa, hata mimi. Ila nauli ya kurudi iweke pembeni kuanzia mshahara wa kwanza, na usiiguse kwa ajili ya harusi ya mtu. Usiahidi pesa kwenye simu kabla ya safari. Ukija, siku za mwanzo lala, mwambie mama kwamba mwili wako umezoea kukesha. Usije mikono mitupu, bibi anangojea blanketi. Njoo Desemba, ukoo wote upo, watoto waliozaliwa ukiwa mbali utawaona siku moja. Hapana, njoo Aprili, masika, matope mpaka magotini, hakuna anayekungojea na bahasha. Mtakaa jikoni na mama mpaka maneno yaishe. Kukosa Krismasi ya nyumbani kunauma, sikudanganyi, mimi hulia. Lakini likizo ikiwa moja tu, chukua Aprili.

Mimi mwakani naja Aprili. Nitakuwa na ada ya mtoto mmoja, yule wa kidato cha nne, nimeshakubaliana na baba yake. Zaidi ya hapo sina, msinipangie foleni. Mwambieni wifi majani ya asubuhi ni zamu yangu, aninolee mundu.