Mkanda wa mgongo usinunue, mdogo wangu. Anza na kitanda na mashine

Mdogo wangu uliyeuliza ununue mkanda gani wa mgongo, kwanza pole. Umesema umeanza kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, Marekani, unaingia usiku, kiuno kinakuuma kila ukiamka, na wenzako wanakuambia ujifunze kuinama vizuri kwa sababu mashine ya kuwanyanyulia wazee inachelewesha kazi. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na sasa nawaelekeza wapya wanaoingia zamu yetu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nimewaona dada zetu wakiiacha wakiwa bado vijana, na wengine hawawezi tena hata kumbeba mtoto wao.

Mkanda usinunue. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ilisema tangu 1994 kwamba haiupendekezi kwa mfanyakazi ambaye hajaumia. Utafiti wao mkubwa wa wafanyakazi wa maduka, uliotoka 2000, haukuona tofauti kati ya waliovaa na wasiovaa. Ubaya wake ni kwamba ukishajifunga unajiona uko salama, kisha unanyanyua usichopaswa kunyanyua. Na ule mkanda mwingine, tunaomfunga mzee kiunoni tunapotembea naye, kazi yake ni kumshika asiyumbe. Si wa kumnyanyulia.

Habari ya kukunja magoti na kunyoosha mgongo inafaa kwa boksi. Mzee hana pa kumshikia, uzito wake umelalia upande mmoja, na mkiwa katikati ya kitanda na kiti anaingiwa na hofu anakukumbatia shingo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipima mzigo unaoufikia uti wa mgongo mtu anapohamishwa kwa mikono, na hata walipokuwa wawili mzigo ulivuka kiwango cha usalama. Kwa hiyo mbinu uliyofundishwa darasani, hata ukiifuata neno kwa neno, haikutoshi. Kiwango ambacho NIOSH ilikitoa 2007 kwa kumnyanyua mgonjwa ni ratili 35, yaani kama kilo 16, tena kwa mgonjwa mtulivu aliye karibu na kifua chako. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unakaribia hapo. Fikiria mara ngapi kwa usiku mmoja unaushika mguu huo ukimbadilisha pampasi.

Na hapo ndipo nadhani kiuno chako kinapoumia: kitandani. Watu wengi wanaogopa kumtoa mzee kitandani kwenda kwenye kiti, lakini kinachokula mgongo kidogo kidogo ni kumgeuza na kumvuta juu alikoteremka. Usiku vitanda vyote vimeshushwa chini mzee asiumie akianguka. CNA anaingia, anaona kupandisha kitanda ni kupoteza muda, anafanya kazi yote ameinama mpaka magotini, chumba baada ya chumba. Pandisha kitanda mpaka usawa wa kiuno chako kila mara, kisha ukishushe ukimaliza. Kitanda kikiwa na umeme ni kubonyeza kitufe. Kikiwa cha mkono na mpini umekwama, andika kwenye kitabu cha matengenezo usiku huohuo.

Kumvuta juu kunataka watu wawili na shuka la kutelezesha. Laza kichwa cha kitanda (anayelishwa kwa mpira muulize nesi kwanza), funga breki, mviringishe mzee upande mmoja uliingize shuka, kisha upande wa pili ulivute litokeze. Simama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mhesabu kwa sauti, na uhamishe uzito wako kutoka mguu hadi mguu badala ya kuvuta kwa mabega. Halafu litoe, la sivyo atateleza tena. Kabla ya kuinua upande wa kichwa, inua kwanza sehemu ya magoti, naye hatashuka upesi. Hilo peke yake litakupunguzia kuitwa chumba kilekile mara tatu.

Mashine ya kunyanyulia, ile tunayoiita Hoyer, iendeshwe na watu wawili. Mmoja yuko kwenye mashine, mwingine yuko na mzee, mkono begani, akimsemesha. Saizi ya slingi, kile kitambaa kinachombeba mzee, ifuate jedwali la mtengenezaji, usichukue tu iliyo karibu. Kagua mishono na vitanzi. Ikiwa imechanika au lebo haisomeki, iondoe wodini kabisa ili mwenzako wa asubuhi asiikute. Panua miguu ya mashine mpaka mwisho. Mwinue kidogo tu, simama, tazama kila kitanzi kimekaa kwenye ndoano na rangi za vitanzi vya kushoto zinalingana na za kulia, ndipo uendelee.

Mashine ya kumsimamisha ni habari nyingine. Inamfaa mzee anayeweza kukanyaga, kushika na kufuata maelezo. Karatasi ya mpango wa matunzo iliandikwa mchana, alipokuwa macho. Saa tisa usiku, akiwa na dawa ya usingizi kichwani, mzee yuleyule huenda hakuelewi. Usilazimishe. Mwite nesi, na mkubaliane kutumia Hoyer usiku huo. Akiteleza ukiwa umemshika, mwongoze ashuke taratibu akiegemea mwili wako. Ukijaribu kumdaka mtaumia wote wawili. Akishakuwa chini asinyanyuliwe kwa mikono. Nesi ampime kwanza, kisha iletwe mashine.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Sisi tumelelewa kwamba bibi akiugua anabebwa mikononi, na kufanya hivyo ni heshima. Tukifika hapa tunambeba mzee wa watu kwa moyo uleule, na wakubwa wa zamu wanalijua hilo. Chumba cha mtu mzito anapangiwa Mwafrika, eti ana nguvu na hakatai. Wengi tunaunganisha zamu mbili, nyumbani wanasubiri ada ya shule, basi tunanyamaza. Naomba usinyamaze. Sema kwa adabu, ila sema: "Nitamhamisha mwenzangu akifika." Heshima kwa mzee ni kumhamisha bila kumwangusha wala kumchuna ngozi kwapani. Kama anaiogopa mashine, mwonyeshe mapema, mweleze kila hatua, mwache aiguse.

Na sheria iko upande wako. Minnesota ilipitisha sheria ya kuhamisha wagonjwa kwa usalama mwaka 2007, na nyumba za wazee zimo. Lazima pawe na sera iliyoandikwa, vifaa vya kutosha, mafunzo, na kamati ambayo angalau nusu ya wajumbe wake ni manesi wasio viongozi na wafanyakazi wengine wanaowahudumia wagonjwa kwa mikono yao. Uliza kamati yenu inakutana lini, na uombe kuingia. Meneja akilalamika bei, mwambie kuhusu nyumba sita za wazee ambazo NIOSH ilizifuatilia kwa miaka sita: baada ya kuleta mashine, mafunzo na sera ya kutonyanyua kwa mikono, madai ya fidia ya majeraha yalishuka kwa asilimia 61, na gharama ya vifaa ilirudi kabla ya miaka mitatu kwisha. Hoja hiyo nimeiona ikifungua pochi ambayo malalamiko yetu hayakuifungua.

Kuhusu maumivu uliyonayo sasa: yaripoti leo, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Taja chumba, saa na ulichokuwa unafanya, bila jina la mzee. Fidia ya kazini haiulizi kosa ni la nani, na kuidai si kumshtaki mwajiri. Ukiwa umeletwa na wakala, mwajiri wako ni wakala, basi mwarifu yeye pamoja na nyumba yenyewe. Usiogope kwa sababu ya karatasi zako; Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua 2003 kwamba hata mfanyakazi asiye na kibali ana haki ya fidia hiyo. Kisha nenda kwa daktari, umwambie wazi kwamba maumivu yameanzia kazini, aandike hivyo kwenye faili.

Na ukiona mguu unakosa nguvu, ganzi inaingia sehemu za siri au kati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, usisubiri zamu iishe wala miadi ya wiki ijayo. Nenda emajensi saa hiyohiyo.