Ukienda Boquillas, vuka mto asubuhi

Wengi wanaotembelea hifadhi ya Big Bend, kusini-magharibi mwa Texas, hukiweka kijiji cha Boquillas del Carmen, kilicho Meksiko ng'ambo ya mto Rio Grande, mwisho wa ratiba. Mimi nashauri kinyume: anza na kijiji, magofu ya Hot Springs upande wa Texas yatakungoja. Kivuko hakifunguliwi kila siku ya wiki, na jioni hufungwa. Ukichelewa utalala Meksiko, maana kivuko kingine halali kiko mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na gari lenyewe umeliacha Texas.

Pasipoti ni lazima, hata kwa raia wa Marekani. Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tuangalie pia kama viza ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Wakati wa kurudi hukuti ofisa dirishani: unaweka pasipoti kwenye mashine, unainua simu, na ofisa aliye El Paso anakuhoji huku akikuona kwa kamera.

Kuvuka ni dakika chache tu kwa mashua ya makasia. Nilipokwenda mimi nauli ilikuwa dola 5, kwenda na kurudi. Ng'ambo kuna punda, farasi na pikapu, ingawa kijiji ni karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Panda punda hata kama miguu ni mizima, maana hiyo ndiyo kazi ya watu wa pale. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilikifunga kivuko hicho Mei 2002, kikaja kufunguliwa tena Aprili 2013. Hebu fikiria kijiji kinachoishi kwa wageni kikae miaka 11 bila wageni. Wengi walihama. Korona nayo ikaja kukifunga tena. Kwa hiyo usibebe sandwichi zako. Kula huko, na utembee na dola ndogondogo.

Jambo moja wageni hawaambiwi mapema. Kwenye njia za miguu upande wa Texas utakuta nge wa waya na vitambaa vya kudarizi vimepangwa juu ya mawe, kando yake kopo la kutia pesa. Usinunue. Kisheria hiyo ni magendo, na askari wa hifadhi wakikukuta navyo watavichukua. Vitu hivyohivyo ukivinunua kijijini unarudi navyo bila shida, na unapata kuongea na aliyevitengeneza.

Mchana rudi Texas uende Hot Springs, kwenye chemchemi ya maji moto. J. O. Langford alihamia hapo mwaka 1909 akitafuta tiba ya malaria iliyomsumbua tangu utotoni, akajenga bafu la kuoga kwa malipo. Vurugu za Mapinduzi ya Meksiko zilimwondoa, akarudi 1927. Hofu yake haikuwa ya bure: Mei 1916 wavamizi kutoka ng'ambo walishambulia makazi ya Glenn Springs, si mbali na hapo, wakaua askari watatu na mtoto.

Kuta za bafu zimebaki msingi tu, lakini maji bado yanatoka, nyuzi 40 hivi. Barabara ya kufika ni ya vumbi na nyembamba, magari makubwa hayaruhusiwi. Mto ukijaa, kidimbwi chote humezwa na maji ya tope, kwa hiyo ulizia hali ya mto pale Panther Junction, makao makuu ya hifadhi, kabla hujashuka.