Mdogo wangu, weka chini hiyo rula

Umeandika una miaka 22, kila usiku unapima taya kwa rula kuona kama una sura ya kupendwa, na wenzako wa mtandaoni wamekuhakikishia kuwa mwanamume mfupi hana chake kwa wanawake. Pole. Mimi ni mfupi, na mke wangu ananipita hata akiwa pekupeku.

Hilo jina "inseli" mnaloitana, kifupi cha Kiingereza "involuntary celibate", yaani anayekosa mpenzi ingawa anamtaka, chanzo chake ni mwanamke, mwanafunzi wa chuo kikuu Kanada. Mwaka 1997 alifungua tovuti ili wapweke, wake kwa waume, wafarijiane. Leo wanaolibeba wanatukana wanawake mchana, usiku wanajitukana wenyewe. Huko aliyepata mpenzi anaonekana msaliti. Kijiwe gani hicho kinachotaka ubaki mgonjwa?

Jitoe, walau mwezi mmoja. Yule dada wa dukani unayesema alikudharau, kwa maelezo yako mwenyewe, alisema "chenji sina, kaka" akatabasamu. Dharau iko wapi hapo? Kanunue sabuni, umsalimie, uondoke zako.

Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwamshe kaka yako hata saa nane usiku, muende hospitali. Na lile tusi ulilomwandikia dada yako, kamwombe radhi leo, ana kwa ana.