Mnaoanza kazi na hela za Title I na Title III, someni hapa kabla hamjasaini kitu

Jamani nyie wadogo zangu mnaoanza kwenye ofisi za ruzuku za serikali kuu huku Marekani, makarani, maafisa familia, wakalimani mliopandishwa cheo juzi tu, wiki hii limepita mezani kwangu ombi la kununua tisheti za wazazi kwa hela ya Title I, ile ya shule zenye watoto wengi wa familia maskini, nikasema basi, leo naandika. Tisheti! Zina nembo ya shule na zote saizi L!

1. Tuanze na hilo hilo. Wilaya, yaani wilaya ya shule inayoajiri na kuendesha shule, ikipata zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 ya kushirikisha wazazi, na asilimia 90 ya hiyo ishuke mashuleni, hilo mnalijua. Ila hela ya wazazi sio hela ya zawadi kwa wazazi. Warsha ya kumfundisha mama namna ya kusoma na mtoto nyumbani, sawa. Usafiri wa kumfikisha, sawa. Mtu wa kuwaangalia wadogo wakati mama yuko warshani, sawa. Tisheti, vikombe na kalamu zenye nembo hapana, hata mkuu wa shule akinuna mwezi mzima.

2. Taimshiti, ile fomu ya masaa ya kazi. Anayelipwa nusu Title I nusu hela ya wilaya anaandika kazi aliyoifanya, na anaiandika akishaifanya. Kuna dada mmoja hapa, mchapakazi kweli kweli na nampenda, kaniletea fomu za Mei kasaini Aprili, ati asije akasahau. Nikamuuliza, mwenzetu Mei umeshaiona? Akacheka, ila mkaguzi hachekagi.

3. Sasa hapa kaeni vizuri maana ndo nilipoumia mimi. Wakati huo familia za Wakongo zilikuwa zinaingia kwa wingi, wengine wametoka kambi ya Nyarugusu, Kiswahili wanacho, Kibembe wanacho, Kiingereza hamna. Mkalimani alikuwa anaitwa kila kukicha: kuandikisha watoto, kikao cha IEP, yaani mpango wa masomo wa mtoto mwenye ulemavu, kikao cha nidhamu, siku ya ripoti. Ankara zinatua mezani kwangu, nami nikawaza hivi, hii ni lugha, Title III ni hela ya wanaojifunza Kiingereza, basi weka Title III, nasaini nasonga. Tena nikamwandikia bosi barua pepe kwa mbwembwe kwamba nimeiokolea wilaya hela zake. Hiyo barua pepe ilikuja kukutwa kwenye faili, imechapwa vizuri kabisa.

Mkaguzi wa jimbo alikuwa mama mmoja mpole haongei sana. Akachomoa ankara moja, imeandikwa "ukalimani, masaa 2", basi, hakuna shule, hakuna shughuli. Akauliza, Title III isingekuwepo, kikao hiki kingekuwaje? Nikajibu chap chap kama mwanafunzi anayetaka sifa, nikasema wilaya ingelipa mkalimani, si ni lazima kisheria. Akaandika kitu akanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe hapo na nilikuwa bado natabasamu.

Maana kweli ni lazima. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaibana wilaya yoyote inayopokea hela ya serikali kuu, na kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974, ya watoto wa Kichina wa San Francisco, ikakazia kwamba huwezi kumweka mtoto darasani haelewi kitu ukasema umemfundisha. Mzazi naye anatakiwa apate taarifa muhimu za shule kwa lugha anayoielewa, na mlipaji ni wilaya. Title III inakuja juu ya hapo, hailipi deni la wilaya. Ndo maana hata kile kipimo cha kumtambua mtoto asiyejua Kiingereza akiandikishwa hakilipwi na Title III.

Ankara za mwaka ule tukazihamishia mfuko mkuu wa wilaya. Za mwaka wa nyuma ruzuku yake ilishafungwa, ikabidi wilaya irudishe hela jimboni. Mkuu wa fedha hakunigombeza, alikuja na orodha ya ankara zote akaiweka mezani akaondoka, bora angenigombeza. Ila kinachoniuma mpaka leo sio hicho. Katikati ya mwaka Title III ilikuwa imekauka, na lile darasa la Kiingereza la baada ya masomo, la watoto wale wale wa Kongo, likafungwa, kwa sababu hela yake mimi niliitumia kulipia kitu ambacho wazazi wao walikuwa na haki ya kukipata bure. Kwa hiyo ankara ikija usiulize kama ni kitu kizuri, vyote vizuri. Uliza nani angelipa, na jibu liandike kwenye ankara siku hiyo hiyo.

4. Septemba 30, siku muda wa ruzuku unapoisha. Ukihesabu na mwaka wa ziada una miezi 27 ya kuitumia, ila Title I huruhusiwi kuvusha kwenda mwaka wa ziada zaidi ya asilimia 15 kama mgao wenu unafika dola 50,000, na msamaha wa kuzidisha hapo hupewi kila mwaka. Kwa hiyo msisubiri Agosti ndo mkumbuke laptopu. Na msiajiri mtu wa kudumu kwa hela ya kupita, zile za korona, mafungu matatu karibu dola bilioni 190, fungu la mwisho lilifika ukingoni Septemba 30, 2024 na tuliwaaga watu wazuri sana.

5. Mkaguzi akiuliza, jibu alichouliza, kisha funga mdomo. Mwenzetu mmoja aliulizwa daftari la vifaa liko wapi. Badala ya kulitoa akaanza kueleza, mara stoo ilihamishwa, mara ufunguo anao fundi, mara yale maboksi ya tableti hayajafunguliwa toka enzi za mkurugenzi aliyepita. Yule mama mkaguzi akaweka kalamu chini akasema, "Maboksi gani?"