Maswali na majibu: Mchuzi wa soya kutoka mashamba ya Wisconsin

Wiki iliyopita nilitaja kwa kupita tu kwamba kampuni ya Kikkoman ya Japani hutengeneza mchuzi wa soya katika kijiji cha Walworth, Wisconsin, nchini Marekani. Wasomaji kadhaa wameuliza zaidi.

Kwa nini kijijini, na si California waliko Wajapani wengi?

Mchuzi huu hutaka vitu vinne: soya, ngano, chumvi na maji. Kampuni ilianza kuuza rasmi Marekani mwaka 1957, ikianzia San Francisco, na kwa miaka mingi soya ya Marekani ilivuka bahari hadi Japani, kisha ikarudi ikiwa mchuzi ndani ya chupa, nauli ikilipwa mara mbili. Walworth imezungukwa na mashamba, na miji mikubwa ya Chicago na Milwaukee haiko mbali.

Wakulima waliwapokea vizuri?

Mwanzoni, hapana. Baadhi yao walipinga ardhi ya kilimo kugeuzwa ya viwanda, wala siwalaumu, kwa kuwa shamba likishajengwa halirudi. Yuzaburo Mogi, wa mojawapo ya familia zilizoasisi kampuni hiyo, na wenzake walilazimika kuwaeleza wenyeji kwamba kiwanda chao ni sehemu ya kilimo, kwani malighafi yake ni mazao yale yale wanayolima. Kibali kikapatikana, na kiwanda kikafunguliwa Juni 1973. Wafanyakazi waliotoka Japani walihimizwa wasijikusanye mtaa mmoja, bali watawanyike miongoni mwa wenyeji. Naamini hilo liliwatuliza majirani kuliko hotuba yoyote.

Je, mchuzi huu unapikwa kwa dawa za kemikali?

La. Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, kisha vyote huchanganywa na mbegu za kuvu maalumu na kuachwa kwa takriban siku tatu hadi viote ukungu, yaani koji. Aliyewahi kutengeneza togwa ataelewa upesi, maana koji hufanya kazi inayokaribiana na ya kimea. Baadaye hutiwa maji ya chumvi, na uji huo mzito wa kahawia huchachuka kwa miezi kadhaa kabla ya kukamuliwa kupitia vitambaa.

Kikkoman bado wapo Marekani?

Wapo, na wameongezeka: walifungua kiwanda cha Folsom, California, mwaka 1998, na mwaka 2024 wakaanza kujenga kingine Jefferson, huko huko Wisconsin.